Masjala ya Mzee: Bibi alisema Bukini

*Shikamoo Mzee wa Masjala. Niko Masasi. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya wakati wa vita vya Hitla. Alifariki kabla sijazaliwa. Alichoacha ni nyota moja ya ncha sita, utepe wake umeliwa na mende, na mjomba huisugua kwa majivu kila Idi mpaka maandishi hayasomeki. Mjomba anasema babu alipigana Burma, kwa sababu alikuwa akisimulia habari za miruba na daraja refu la chuma lililolala juu ya mto. Marehemu bibi alishikilia kwamba babu alikwenda Bukini, na kwamba huko watu wanaamkiana "salama". Tumeitafuta hiyo Bukini kwenye ramani hatuioni, na mjomba anasema bibi uzee ulimchanganya, alitaka kusema Burma. Mdogo wake babu walikwenda pamoja, yeye hakurudi. Sasa kuna bwana anapita huku, anataka shilingi laki moja na nusu atufungulie madai Uingereza. Tufanyeje?*

Marahaba mjukuu wangu. Hiyo laki na nusu kaeni nayo. Misaada ya Uingereza kwa wapiganaji wa zamani wa makoloni huenda kwa wenyewe walio hai na wajane wao wenye shida, na hupitia vyama vya wapiganaji. Hakuna mfuko wa wajukuu. Bwana huyo akirudi mwulizeni babu yenu alikuwa bataliani gani. Akijua, niandikieni nije nimsalimie.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Bibi yenu hakuchanganyikiwa hata kidogo. Bukini ni Madagascar. Ndilo jina walilotumia wazee wa pwani, na wenyeji wa huko wakiitwa Wabuki. Ninyi mmesoma shule mkafundishwa Madagascar, bibi hakufundishwa, ndiyo maana neno lake limedumu nanyi hamkulielewa. Na hilo la "salama" ndilo lililonifanya nisimame nitembee kidogo chumbani. Wabuki wanaamkiana hivyo hivyo, "salama". Mtu hawezi kulibuni hilo akiwa jikoni Masasi. Ama alilisikia kwa mumewe, ama alilisikia kwa mtu aliyefika.

Sasa tazama linavyotusaidia. Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, haikuwa kitu kimoja. Ilianzishwa 1902, na bataliani zake ziligawanywa kwa nchi: ya Kwanza na ya Pili ni za Nyasa, yaani Malawi ya leo, ya Tatu na ya Tano za Kenya, ya Nne ya Uganda, na ya Sita ndiyo yetu Tanganyika. Vita vya pili vilipopamba moto zikazaliwa nyingine nyingi, kwa upande wetu ikiwemo ya 26 na ya 36. Ukijua mtu alikwenda wapi, unaweza kukisia alikuwa ipi. Waingereza walipotaka kuwanyang'anya Wafaransa wa Vichy, wale walioshirikiana na Hitla, kisiwa cha Bukini, brigedi ya Afrika Mashariki iliyoshuka bandari ya Majunga Septemba 1942 ilikuwa na Bataliani ya Kwanza, ya Tano na ya Sita. Kwa hiyo Mtanganyika wa Keya aliyefika Bukini, mahali pa kwanza pa kumtafuta ni ya Sita. Waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye nembo ya kifaru begani, yule mnyama, ndio wa 26 na 36.

Je, mjomba ni mwongo? Hapana, na hapa msigombane. Lile daraja lilikuwepo. Desemba 1944, baada ya Divisheni ya 11 kushuka Bonde la Kabaw katika matope ya masika na kuuteka mji wa Kalewa, wahandisi walitandaza juu ya mto Chindwin daraja la chuma la kuelea lenye urefu wa futi zaidi ya elfu moja na mia moja. Kila aliyevuka pale alirudi na hadithi yake. Miruba nayo ni ya Kabaw. Askari walikuwa wakihamishwa kutoka bataliani hadi bataliani, na mtu wa Bukini wa 1942 kuwa Burma 1944 si ajabu. Inawezekana pia kwamba daraja ni hadithi ya rafiki yake, akaisimulia jioni nyingi mpaka ikawa yake. Wazee wetu hawakuwa na mipaka mikali ya hadithi za nani ni za nani.

Kuna mwamuzi, naye ni hiyo nyota. Mwambie mjomba majivu basi. Chukua karatasi nyembamba, iweke juu ya duara la katikati, kisha pitisha kalamu ya risasi taratibu ukiilaza ubavu. Halafu usiku, zima taa, piga tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Maandishi yaliyofutika machoni mara nyingi hayajafutika kwenye chuma. Nyota zote za vita vile zina umbo moja, ncha sita, taji na herufi za mfalme katikati, kwa hiyo umbo halikwambii kitu. Kinachosema ni maneno yanayozunguka. Ukiona tarakimu, ni nyota ya 1939–1945, waliyopewa watu wa medani nyingi. Kama ni herufi tupu, hesabu neno la katikati: herufi tano ni BURMA, herufi sita ni AFRICA. Ya Afrika waliipata pia waliokwenda kumfukuza Mtaliano Uhabeshi. Bukini haikuwa na nyota yake. Kwa hiyo ukihesabu tano mjomba kashinda, lakini ukihesabu sita au ukaona tarakimu, usimcheke bado.

Usitafute jina la babu nyuma ya nyota. Nyota za Waingereza za vita vya pili ziligawiwa tupu, bila jina. Ni medali za vita vya kwanza, vya Mjerumani, ndizo zilizochongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Wengi wananiandikia wakilalamika kwamba medali ya babu yao ni bandia kwa sababu haina jina. Si bandia.

Nataka nikueleze jambo ambalo karani wa masjala hujifunza mapema, nami nilikaa masjala miaka thelathini na moja. Katika makaratasi ya jeshi, aliyekufa ndiye aliyeandikwa vizuri. Babu yako alirudi, akalipwa, akapanda daladala ya siku zile, yaani miguu yake, akaenda kulima korosho. Jeshi likamsahau. Mdogo wake, aliyebaki huko, ana mstari wake.

Kwa hiyo anza na mdogo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa, inatafutwa bure kwa simu yako. Kama alifia Burma na kaburi halijulikani, yumo katika mnara wa Rangoon ulioko makaburi ya Taukkyan, wenye majina yapatayo 27,000. Kama alizama baharini, angalia Mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita Nairobi. Wengi humo walikufa Februari 12, 1944, meli ya *Khedive Ismail* ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Watu 1,297 walikwenda nayo ndani ya dakika chache, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Ukifungua orodha hiyo, usiandike jina kama mnavyolitamka nyumbani. Aliyeliandika alikuwa karani aliyemsikiliza kuruta akiwa kwenye foleni. Hamisi anakuwa Amisi. Rashidi anapoteza i ya mwisho. Mmakonde mwenye jina la ukoo linaloanza na N anaweza kuwa amewekwa bila hiyo N, kwa kuwa Mzungu hakujua aifanyie nini. Jina la baba mara nyingi ndilo linalokaa mahali pa ukoo. Mimi huacha jina kabisa, natafuta kwa kikosi na mwaka, kisha nasoma ile nafasi ya maelezo ya ziada. Huko ndiko utakutana na maneno kama "mwana wa fulani, wa Masasi, Tanganyika". Siku utakayoliona jina la baba mzaa babu yako limeandikwa pale, utajua umefika.

Mstari wa mdogo utakupa bataliani na namba ya askari. Ndugu walioandikishwa siku moja mara nyingi walisimama pamoja kwenye foleni, na namba zao hukaribiana. Si sheria, ila ni mahali pazuri pa kuanzia. Namba ni bora kuliko jina, kwa sababu haina lafudhi. Ikiwa na herufi mbele, nakili na herufi zake, maana bila hizo namba inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa.

Kisha fungua sanduku. Najua umesema nyota tu, lakini kila anayeniandikia husema hivyo. Tazama ndani ya Kurani au Biblia ya nyumbani, nyuma ya picha iliyo ndani ya fremu, chini ya gazeti lililotandikwa kwenye kabati. Cheti cha kuachishwa jeshini kilikuwa karatasi ya kukunjwa, na wazee walikificha kwa sababu kilitakiwa wakiomba kazi. Kama kipo, hatuna haja ya nyota wala mjomba.

Jalada la babu usilitafute London. Kinachopatikana kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, pale Kew, ni daftari za kila siku za bataliani. Za Bukini ziko katika mfululizo wa WO 174, za Burma WO 172. Zitakwambia bataliani ililala wapi, mvua ilinyesha kiasi gani, na ofisa gani aliugua malaria. Ofisa ana jina. Askari wako ni hesabu: wawili wameuawa, tisa wamejeruhiwa. Nimezisoma kurasa kadhaa zilizopigwa picha, na nakiri nilifunga kompyuta nikaenda kunywa maji. Hata hivyo ukijua bataliani, zitakupa njia nzima aliyopita, siku kwa siku. Kwa hapa nyumbani nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, uombe majalada ya wilaya yenu ya miaka ya vita yanayohusu uandikishaji na kurudi kwa askari. Ukiwa huko pitia pia gazeti la *Mambo Leo* la miaka hiyo.

Na angalizo moja: nyumbani kila aliyevaa kaki aliitwa Keya. Dereva, mpishi, mpiga mizinga, fundi simu, mchimba barabara, wote Keya. Kati ya Watanganyika wapatao 87,000 walioingia vita vile, si wote walikuwa King's African Rifles. Ukikosa kote, uliza mjomba babu alishika nini mkononi, bunduki au usukani.

*Mzee, mimi niko Morogoro. Baba mzaa babu alikuwa mpagazi wa Waingereza vita vya Mjerumani. Naye anaweza kupatikana?*

Kwa jina, pengine hapana, na nakujibu hivyo kwa sababu nimeshatafuta wa kwangu. Wapagazi waliitwa Carrier Corps, ulimi wetu ukasema Kariakoo, na soko linalojaa watu leo Dar es Salaam limesimama walipopiga kambi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Baada ya vita wakubwa waliamua kwamba Waafrika watatoshwa na sanamu. Ndiyo ile ya Askari ya 1927 katikati ya Dar, na ile ya Nairobi yenye watu watatu, mmojawao mpagazi. Majina hakuna. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo inatafuta orodha za zamani na kuongeza majina, kwa hiyo rudia kutafuta kila mwaka.

Baba mzaa babu yangu alitolewa shambani nje ya Lindi 1917, akabebeshwa sanduku la risasi kuelekea vitani Mahiwa. Alirudi. Wapagazi walivalishwa shingoni kisahani cha chuma chenye namba, na kama kwenu kipo, hata kikiwa kimetobolewa kuwa hereni ya mtoto, kipige picha pande zote mbili unitumie. Chetu, shangazi anasema, kilifungwa kwenye mshipi kuwa chubwi, mshipi ukakatika.