Shule ya Japani ni bure, sawa, sasa sikiliza

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Eti huku shule bure, mtoto anafundishwa mpira, judo na tarumbeta bila mzazi kutoa senti, na mimi dada yako nimekaa kimya ili nifaidi peke yangu, sasa na wewe unataka kumleta mtoto wako asome huku. Nitakujibu, ila mama usimsomee.

Ada hakuna, kweli. Miaka 9 ya lazima, 6 ya msingi na 3 ya chugakko, yaani sekondari ya chini, shule ya serikali haidai ada wala pesa ya vitabu vya kiada. Kinachonimaliza ni bukatsu, vile vilabu vya baada ya masomo. Mpwa wako yuko klabu ya mpira wa kikapu. Jezi, viatu vya ukumbini, begi la timu, nauli za mechi, vyote mfukoni mwangu. Mazoezi asubuhi kabla ya kengele, jioni tena, Jumamosi tena. Mwaka 2018 serikali ilitoa mwongozo: siku 2 za kupumzika kila wiki, mazoezi kama saa 2 siku za masomo na saa 3 siku za mapumziko. Mwongozo mzuri. Subiri mechi za kiangazi zikaribie, zile za kuwaaga wa mwaka wa tatu, uone kama kuna anayeukumbuka. Na wazazi tuna zamu ya kubeba madumu ya chai ya shayiri. Natoka kiwandani, nimepanga wali kwenye visanduku usiku kucha, halafu nasimama ukumbini kupiga makofi.

Utaniuliza, nani kakulazimisha? Hakuna! Kwa maandishi ya wizara, klabu ni hiari ya mwanafunzi. Lakini "lazima niende" kwa Kijapani tulifundishwa hivi: ikanakereba narimasen. Ukiifumua ni "nisipokwenda, haiwi". Nani kaamuru, haisemi. Kwetu mtu akikuambia lazima, unamuuliza lazima ya nani, mnabishana. Huku nibishane na nani? Watoto ndio wanaikata mkia kabisa. Mwanangu anafunga kamba za viatu mlangoni, "ikanakya!", yaani "nisipokwenda…", mengine kayameza, keshatoka. Hata mwalimu anayesimamia klabu, Jumapili kaacha watoto wake nyumbani, ukimtazama usoni unaiona sentensi hiyohiyo.

Kwa hiyo usimlete mtoto. Huyo aliyezoea kutoka shule akaenda zake ufukweni ataona kafungwa.

Lakini ukimleta, muingize klabu mapema, usichelewe hata wiki. Asiye na klabu wanamtania kuwa yuko kitakubu, klabu ya kurudi nyumbani. Wangu ni mweusi peke yake darasani, na marafiki alionao kawapata kwenye kikapu. Senpai wake, mkubwa kwa mwaka mmoja tu ila anainamiwa kama mzee wa mtaa, ndiye aliyemfundisha Kijapani cha kuongea na watu. Mimi changu ni cha kuombea ruhusa kwa msimamizi. Sasa nitamtoaje? Siku akifunga, nasahau usingizi wote.

Tarumbeta achana nayo, bendi za shule hazina mchezo. Tenisi ya meza inatosha, raketi ni nafuu. Na kabla hujapanda ndege ujifunze ikanakute mo ii, "nisipokwenda pia sawa". Kwenye kitabu changu iko somo moja na ile ya lazima. Sijamsikia mzazi hata mmoja akiitumia pale ukumbini, na mimi sitakuwa wa kwanza, mgeni mie.

Hela ya mama mwezi huu itachelewa. Mwambie benki inasumbua. Hapana, usimdanganye, mwambie nasubiri mshahara wa tarehe 25. Bei ya viatu ndiyo usiitaje kabisa.