Umeachiwa mtoto wa ndugu? Anzia kwa sheha, usianzie Chake

Assalaam alaykum jamani. Juzi shoga yangu mmoja kanitumia voisi ya dakika sita, mdogo wake kenda Oman kufanya kazi kamwachia watoto wawili, sasa skuli wanataka cheti cha kuzaliwa, gari hazimchukui mtoto asubuhi, baba mtu hatoi hata shilingi ya kalamu, anauliza aanzie wapi. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kama jamvi la kuanikia karafuu, nikaona bora niliandike hapa maana hayo yote yashanikuta mie, na nimeyakosea karibu yote kabla sijayapatia.

Mtoto wa dada'angu nilimpokea ana miaka 7. Mguu wake wa kushoto umepinda tangu kuzaliwa, kutembea anatembea tena mbio, lakini masafa yakiwa marefu anakaa chini njiani anakwambia "mamdogo nimechoka" na hapo hata umpe nini hanyanyuki. Mama yake yuko Muscat, baba yake yuko Unguja kaoa kwengine. Sisi tunakaa ndani ndani huku Wete, Pemba, kutoka nyumbani mpaka barabara ya lami mtu mzima anatumia dakika 20, kisha ndo upande gari ufike skuli. Sasa piga hesabu mwenyewe kwa mtoto wa mguu ule.

Kosa langu la mwanzo, nilijiona mjanja. Nikasema mambo ya watoto ni Ustawi wa Jamii, basi nikavaa buibui langu la sikukuu, nikapanda gari ya 606 mpaka mjini Chake Chake, nikaingia ofisi moja sitoitaja. Kaka aliyekaa mezani hata kichwa hakunyanyua. Barua ya sheha (huyu ndo kiongozi wa serikali wa mtaa wako) iko wapi? Sina. Cheti cha mtoto? Hana. Wewe ndo mama yake? Mamdogo wake. "Basi mwite mama yake." Nikamwambia mama yake yuko Oman, akasema mwite baba yake, nikamwambia baba ndo niliyekuja kumshtaki, akacheka yeye na mwenzake. Nauli imekwenda, siku imekwenda, na ilikuwa msimu wa karafuu, nyumbani kuna mafungu yananisubiri kuchambuliwa. Nilirudi nimenuna mpaka watoto wenyewe wakaniogopa.

Kumbe njia ni moja tu na inaanzia barazani kwa sheha wako. Sheha ana daftari la wakaazi, na kama mtoto hajaandikwa humo basi kiserikali mtoto huyo kwako hayupo, hata kama analala chumbani kwako mwaka wa pili. Kwa hiyo siku ya mwanzo tu mtoto anapohamia, mpeleke akaandikwe, usingoje shida.

Na hapa kwenye barua nataka niseme kidogo maana watu wengi ndo wanapoangukia. Barua ya kwanza aliyonipa sheha wetu (mzee mzuri sana, Mungu ampe umri) ilisema "namtambulisha mkaazi wangu, naomba asaidiwe." Asaidiwe nini? Kila ninapoipeleka wananambia haieleweki. Nikarudi kwake, nikamkuta kakaa kwenye mkeka anakunywa kahawa, nikamwambia babu hii barua tuiandike upya, nisaidie. Akaiandikia gotini, mie namtajia yeye anaandika: jina kamili la mtoto, tarehe aliyozaliwa, anakaa na nani na tangu lini, mama yuko wapi, baba yuko wapi na simu yake, mguu una tatizo gani, na tunaomba nini khasa. Ilipofika kupiga muhuri kidau cha wino kimekauka, mzee akaupulizia pumzi ule muhuri mara tatu kama anapuliza moto wa makumbi, akaukandamiza, ukatoka nusu. Nikamwambia rudia babu. Akarudia. Usione haya kumwambia mtu rudia, muhuri wa nusu huko mbele wanaukataa.

Barua ile moja nimeitoa kopi kumi na nimeitumia kila mahali. Orijino usimpe mtu akae nayo.

Cheti cha kuzaliwa sasa. Kule kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kuna ofisi za wilaya, kwa hiyo huna haja ya kwenda mbali. Wetu alizaliwa nyumbani kwa mkunga, hakuna karatasi ya hospitali, kilichotuokoa ni kadi ya kliniki ya chanjo ambayo bibi yake alikuwa kaifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku. Mama mtu akatuma picha ya kitambulisho chake kwa wasapu nikaenda kuiprinti. Tukadhani tumemaliza, kumbe kadi ya kliniki imeandikwa Hamisi na kitambulisho cha mama mtu kimeandikwa Khamis. Herufi mbili tu hizo zimenipotezea wiki mbili! Kabla hujatoka nyumbani panga karatasi zako zote kitandani usome majina herufi kwa herufi, ukiona yanagongana mwambie sheha ataje kwenye barua kwamba ni mtu mmoja.

Skuli ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, ila kulikuwa na jambo sikulijua. Skuli nyingi za huku zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na wetu walimtia wa mchana. Anatoka jioni jua linazama, gari za kurudi shamba saa hizo za kubahatisha, siku mbili amefika nyumbani watu washaswali magharibi. Nikaenda kwa Mwalimu Mkuu na kopi ya barua na mtoto mwenyewe, nikamwambia maalim mtazame anavyotembea. Hakusema neno, kamwangalia kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, akachukua kalamu akamhamisha asubuhi. Na mchana anapata kwenda chuoni kusoma Kurani kama wenzake. Jambo la kuombwa kwa mdomo dakika kumi, mie nilikaa nalo miezi miwili nalalamika na majirani.

Haya, gari. Kusoma kulitangazwa bure hapa kwetu 1964, kila tarehe 23 Septemba tunasherehekea elimu bila malipo, lakini nauli haikuwamo kwenye tangazo lile! Asubuhi moja nilisimama nyuma ya muembe pale kituoni nitazame tu. Gari ya kwanza imekuja, imepunguza mwendo, konda kachungulia kaona yunifomu, kapiga bati mara mbili, gari hiyo. Ya pili vilevile. Ya tatu imesimama lakini kwa mama mwenye kikapu cha samaki, watoto wakazuiwa mlangoni. Mwanafunzi analipa kidogo na anakaa kiti cha mtu mzima, hesabu ya konda ndo hiyo, na ukimtukana ndo kesho hasimami kabisa. Mie nimeshatukana, najua.

Tulichofanya, tulikusanyika wazee wanne wa watoto wa kituo kile, tukamtafuta dereva mmoja tunayemjua kwao, gari yake inapita saa 12 na nusu asubuhi, tukamwambia tutakulipa kwa mwezi nauli kamili ya mtu mzima kwa kila mtoto, lakini usiwaache. Akakubali, na wetu anakaa mbele. Inauma mfukoni, ntakuwa muongo nikisema haiumi. Kutoka nyumbani mpaka barabarani mtoto wa jirani anampakia kwenye baskeli, namlipa kwa maandazi. Wengine watakwambia peleka malalamiko wilayani juu ya makonda, na peleka, mimi sikukatazi, lakini mtoto kesho asubuhi anatakiwa darasani.

Ustawi nilirudi, safari hii na faili. Majirani walinitisha, "ustawi hao, watamchukua mtoto wampeleke Mazizini." Ile nyumba ya watoto Mazizini kule Unguja ni ya mtoto asiyekuwa na wa kumlea, hawaji kumpokonya mtu mtoto anayekula na kulala vizuri kwake. Safari hii nikakutana na dada mmoja mtulivu, kafungua faili, kamwita baba kwa simu mbele yangu, na baba ambaye kwangu mie simu hapokei miezi minane, kwa yule kapokea mlio wa pili, "naam bibie." Tulikaa kikao, ikaandikwa karatasi ya matunzo, kiasi gani na tarehe ngapi, akatia saini. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ni Namba 6 ya mwaka 2011, mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, na matunzo ni haki ya mtoto mwenyewe, kwa hiyo ukidai usidai kama unaomba sadaka. Sema "mtoto anadai", usiseme "mie nadai." Hata baba mwenyewe kanyamaza nilipolisema hivyo.

Kuhusu mguu, mwambie sheha amwandikishe mtoto kama mwenye ulemavu, na uliza habari za Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Baadhi yetu tunaficha, eti tutachekwa. Mtoto mwenyewe hafichi, anacheza mpira mlinda mlango.

Kuna mambo mengine si ya kwenda na barua wala kungoja sheha amalize kahawa. Mtoto akipigwa kupita kiasi, akichezewa, akidhalilishwa, hata na mtu wa nyumbani, piga 116, ni bure, au nenda moja kwa moja hospitali ya Chake Chake kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, wa Unguja wapo Mnazi Mmoja, daktari na polisi na ustawi wote unawakuta pamoja. Usimkoshe mwili mtoto kwanza, wala usikae kikao cha ukoo kwanza. Vikao vya ukoo vimeshaua kesi nyingi kisiwa hiki, na hilo nalisema hata kama wajomba watanuna.

Baba ametoa miezi mitatu mfululizo, wa nne kachelewa, nimeshampigia yule dada wa faili. Ukienda ofisini beba kalamu yako, beba kopi mbili mbili, andika jina la aliyekuhudumia na tarehe nyuma ya kopi, na Ijumaa usiende baada ya saa 5 maana utakaa kwenye benchi na paka mpaka watu watoke msikitini.