Kabla hujalipia huyo samaki wako "wakanda"

Juzi kuna kaka wa Tanga kanitumia picha inboksi, samaki ndani ya mfuko wa nailoni, zambarau mpaka macho yanauma, anauliza "bro, hii ni wakanda kweli, nilipie?" Nikamwambia usilipe hata shilingi. Akanuna! Mtu akishapenda picha haambiliki.

Sikilizeni basi. Cirrhilabrus wakanda ni feri rasi, wale samaki wadogo wa rangi kali wa kufugwa kwenye tangi, tena wa huku kwetu kabisa, wanasayansi walimpa jina 2019 baada ya kumtoa Zanzibar, kwenye miamba ya mita 50 mpaka 80 chini. Magamba yake ya zambarau hata ukimtia kwenye spiriti rangi haitoki yote, na walimwita kwa jina la Wakanda, ule ufalme wa kwenye sinema ya Black Panther. Sasa wewe muuzaji anakwambia kamvua maji ya kifuani tena kwa bei ya kutupa, unaamini vipi?

Na ile picha ilikuwa na kidoa cheusi juu kidogo ya shina la mkia. Hiyo ni exquisitus, feri rasi wa aina nyingine, wallahi, kapigwa taa ya bluu na picha ikakolezwa kwa simu. Sio samaki mbaya, kwanza mimi ndiye ninayemuota usiku. J.L.B. Smith, mwanasayansi yuleyule wa silakanti, yule samaki wa kale, alimwandika 1957, na anapatikana kuanzia pwani yetu mpaka visiwa vya Pasifiki huko, ila wa Pasifiki na wa kwetu rangi hazifanani. Kwa hiyo kabla ya rangi uliza katolewa wapi na kina gani. Mwenye mzigo wa kweli anajibu hapohapo, tapeli anakuuliza "kwani unanunua au hununui?"

Mimi dume la exquisitus nililisaka mpaka nyumbani wakanichoka. Kuna jamaa alinionyesha picha ya dume kali, nikatuma hela, likaja jike jekundujekundu halina hata mbwembwe, nikauliza, akanibloku. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Nikaachana na madalali nikawafuata wazamiaji wenyewe wenye leseni huku pwani ya kusini, nikakaa nao, nikanywa chai yao, nikawaonyesha kile kidoa kwenye simu. Kimya wiki na wiki, halafu asubuhi moja napigiwa, njoo haraka. Niliinama juu ya ndoo naona samaki wa kijani amejibanza kando, nikasema yaleyale, mara wakamwagia majike kwenye ndoo hiyohiyo. Akafungua mapezi yote! Mstari wa bluu ubavuni ukawaka, kile kidoa kikazungukwa na bluu, hata wale vijana waliomvua wakanyamaza. Pale hakuna cha kubahatisha, dume la feri rasi linajitambulisha lenyewe likiona majike.

Kwa hiyo daini video, sio picha, na taa nyeupe. Angalia mapezi na mkia kabla ya rangi. Nasema tena, video! Akiwa ametoka kina kirefu mtazame anavyoogelea, akielea kichwa chini au tumbo limevimba, kibofu cha hewa kimeumia kwa kupandishwa haraka, muache. Na tangi lifunike kwa wavu wa matundu madogo, hawa wanaruka, utamuokota sakafuni amekauka kama dagaa halafu useme umerogwa. Vijana siku hizi mnataka samaki adimu na hata mfuniko hamna, hebu tuheshimu viumbe jamani, hiki sio kitu cha kupostia tu.

Dume likikaa peke yake rangi inafifia, chukua na majike wawili watatu. Tena usiwadharau, jike kubwa likikosa dume hugeuka dume lenyewe, na bei ya jike ni ya chini kwa sababu wauzaji wengi hata hawajui wanauza nini.