Hesabu wati kwanza: nilivyochagua kompyuta ndogo ya kuwa ruta na faiwoli nyumbani

Kwa miezi minane kompyuta ya mezani ya zamani ilikaa chini ya meza ya sebuleni kwetu Iyunga, Mbeya, ikifanya kazi ya ruta (kigawa intaneti) na faiwoli (ukuta unaochuja kinachoingia na kutoka) ya nyumba nzima pamoja na vyumba vinne vya uani wanakopanga wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya. Niliinunua kwa bei ya chakavu, nikaiongezea kadi ya pili ya mtandao, nikaiwekea OPNsense, programu ya kuifanya kompyuta kuwa ruta na faiwoli. Kazi yake sikuwa na neno nayo. Wapangaji waliacha kulalamika kwamba mmoja akipakua filamu wengine wanakwama, na kamera ya getini, ambayo usiku kucha ilikuwa ikitafuta mawasiliano na anwani nisizozijua, nilifanikiwa kuifungia isitoke nje.

Kilichonishtua ni LUKU. Umeme niliozoea kuununua mara moja kwa mwezi ukawa unaisha kabla ya tarehe 20. Nilidhani friji imeharibika. Nikaazima kile kipima umeme cha kuchomeka ukutani, nikapima friji, nikapima televisheni, mwisho nikaichomeka ile kompyuta. Wati 62, usiku wa manane, watu wote wamelala, mashine haina inachokifanya.

Wati 62 zinaonekana kidogo ukizilinganisha na pasi. Lakini pasi ya wati 1,000 ukiitumia saa moja kwa wiki inakula kama uniti 4 kwa mwezi. Kitu cha wati 62 kisichozimwa kinakula karibu uniti 45. Matumizi yetu mengine yalikuwa uniti 55 hivi, kwa hiyo jumla ikafika 100. Na sisi wa daraja la D1, la wateja wa matumizi madogo ya nyumbani, tunajua kinachotokea ukivuka 75: uniti za chini ya hapo ni shilingi 100 kila moja, za juu yake ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Kwa hesabu hiyo, umeme wa shilingi 5,500 ulikuwa umekuwa wa 16,250. Mashine niliyoinunua kwa bei ya chakavu ilikuwa inajilipisha kila mwezi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kompyuta gani ya kufanyia ruta, jambo la kwanza ninalomuuliza ni nyumba yake inatumia uniti ngapi kwa mwezi, na la pili ni laini yake ya intaneti ina kasi gani. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inakuja baadaye kabisa.

Nilipokwenda dukani Mwanjelwa kutafuta mbadala, fundi, kijana mwema ambaye amenitengenezea vitu vingi, alinitolea kompyuta iliyotumika yenye prosesa ya nguvu, Intel i7.

"Mwalimu, chukua hii. Hii hutajuta."

Nikamwambia laini yangu ni ya Mb 20 kwa sekunde. Akacheka, akairudisha kwenye rafu mwenyewe. Alijua kwamba kwa laini ya kasi hiyo, kazi ya kupitisha na kuchuja data ni nyepesi mno kwa prosesa yoyote ya miaka ya karibuni. Nguvu kubwa inahitajika pale laini inapofika gigabiti, au unapotaka kuendesha programu nzito ya kuchunguza kila pakiti (kipande) ya data kama Suricata, ambayo kweli inakula RAM na prosesa. Kwa sisi wengi wa huku haijafika huko.

Kwa hiyo, kama nyumba yako ni ya familia moja na huna wapangaji, nakushauri bila kusita: tafuta ruta ndogo ya kawaida inayokubali OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, uiwekee. Inakula wati tano hivi. Ina uwezo wa kupanga foleni ya data ili simu ya WhatsApp isikatike mtoto anapotazama katuni, na hilo peke yake linatatua malalamiko mengi ya "intaneti ni mbovu". Kabla ya kulipa, angalia jina la modeli na toleo lake kwenye kibandiko cha chini, ulinganishe na orodha ya OpenWrt, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na matoleo matatu, moja likakubali na mawili yakakataa.

Mimi nilihitaji zaidi ya hapo. Nilitaka wapangaji wawe kwenye mtandao wao, kamera kwenye wake, na sisi kwenye wetu, nilitaka pia kumbukumbu za kutosha kuona nini kinaenda wapi. Nikafikiria Raspberry Pi 4, maana inakula kidogo sana. Ina tundu moja tu la kebo ya mtandao, la pili unaliongeza kwa adapta ya USB, na kwa kawaida mfumo wake unakaa kwenye kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Kwa umeme wetu wa kukatika na kurudi mara tatu kwa jioni moja, kadi hizo nimeziona zikifa. Nikaiacha.

Zile bodi za APU2 za PC Engines wa Uswisi nilizipenda miaka mingi: hazina feni, prosesa ya AMD ya nyuzi nne, zinatumia umeme wa volti 12. Kampuni ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha kuzitengeneza. Ukiipata iliyotumika kwa bei nzuri, kwa laini ya kasi kama yangu bado inafaa kabisa.

Nilichonunua ni kiboksi kisicho na feni chenye prosesa ya Intel N100 na matundu manne ya mtandao, vyote vya Intel. Kiliagizwa Dar, kikapandishwa basi, asubuhi nikakifuata stendi. Hapa niseme jambo linalowapotosha wengi. N100 imeandikwa wati 6, lakini hiyo ni ya prosesa peke yake. Ukutani, pamoja na adapta, diski ya SSD, RAM na hayo matundu manne, kipima changu kilisoma wati 11. Usinunue kwa kusoma namba ya prosesa, na ukiweza muombe muuzaji akichomeke kwenye kipima mbele yako. Hata hivyo, wati 11 ni uniti 8 kwa mwezi. Nyumba ikarudi kwenye 63, chini kabisa ya ule mstari wa 75.

Kuhusu kusema matundu ya Intel: OPNsense na pfSense, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, zimejengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, na huko programu za kuendesha kadi za mtandao za Intel zimetunzwa vizuri kuliko za kampuni ya Realtek. Ukitumia OpenWrt, ambayo ni Linux, jambo hili halina uzito sana.

Sasa umeme wenyewe, maana hapa ndipo kifaa kidogo kinaishinda mashine kubwa kwa mbali. Kiboksi changu na kile cha faiba kinacholeta intaneti vyote vinatumia volti 12, kwa pamoja wati 17 hivi. Betri ya sola ya Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa wati-saa 600, yaani zaidi ya saa 30, bila inveta inayopoteza umeme njiani. Ile kompyuta ya zamani ingemaliza kiasi hicho kwa saa zisizofika kumi. Ila usiunge betri moja kwa moja. Inapochajiwa volti zinapanda hadi 14 na zaidi, na kifaa kilichoandikwa 12 hakikutengenezwa kwa hilo. Weka katikati kidude cha kusawazisha volti. Si cha gharama.

Ndani ya BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka, tafuta mpangilio wa kuiwasha mashine yenyewe umeme unaporudi. Nilipokuwa safarini Iringa umeme ulikatika kwa muda mrefu, betri ikaisha, na uliporudi kiboksi hakikuwaka. Mke wangu alinipigia, nikamwelekeza kitufe kilipo. Kilikuwa kimesahau mpangilio huo kwa sababu ile betri ya sarafu ya CR2032 ndani yake ilikuwa imekufa tangu kiwandani, na saa nayo ilikuwa imerudi nyuma miaka. Betri hiyo nimeibadilisha kwa pesa ndogo kuliko soda. Na wakati wa kuweka mfumo, chagua ZFS kama njia ya kupanga faili kwenye diski, inavumilia kukatika kwa umeme kuliko UFS.

Baridi ya Mbeya inatusaidia. Mwezi wa saba kiboksi ni cha vuguvugu tu ukikigusa. Tatizo ni mazoea yetu ya kufunika vitu: mama yangu alipokuja kututembelea alikitandikia kitambaa cha kufuma juu, kizuri kweli, na jioni mapezi ya aluminiamu yalikuwa hayagusiki. Mapezi hayo ndiyo feni yake. Kitambaa sasa kipo juu ya redio, na kiboksi kimesimama wima ukutani, mbali na vumbi la sakafuni la kiangazi.

Radi ndiyo ninayoiogopa zaidi. Masika yaliyopita nilikuwa nimevuta kebo ya shaba kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya uani, ikining'inia chini ya bati. Radi ilipiga kwa jirani, si kwetu, na swichi ya uani ikafa pamoja na tundu moja la kiboksi. Matatu yaliyobaki yalipona, nikahamisha kebo, usiku ule ule wapangaji wakarudi hewani. Baada ya hapo nilinunua vigeuzi viwili vya kuunganisha kebo ya shaba na faiba, na kipande cha faiba yenyewe, ambayo ni uzi wa kioo, maana kioo hakipitishi umeme. Kama una nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja, anza na faiba tangu siku ya kwanza. Nakala ya mipangilio yote ninayo kwenye flashi, imefungwa kwa utepe nyuma ya mlango wa kabati, na mke wangu anajua ilipo.