Mgeni mwenye kifua cha michirizi

Swali: Kwenye mashamba ya chumvi Bagamoyo nimeona ndege wa pwani mwenye miguu ya njano na kifua chenye michirizi. Je, ni Calidris melanotos, yule mgeni adimu?

Jibu: Huenda, ndugu msomaji, ila miguu pekee haitoshi. Tazama kifua: michirizi ya kahawia husongamana, kisha hukatika ghafla kama iliyopigiwa rula, na chini yake tumbo ni jeupe tupu. Hiyo ndiyo alama kuu. Calidris pugnax, jamaa yake anayefanana naye na anayefika kwetu mara nyingi zaidi, hana mpaka huo. Rangi ya kifua chake hufifia taratibu. Mdomo wa mgeni hupinda kidogo, na sehemu yake iliyo karibu na uso imepauka. Tope hufanya miguu ya njano ionekane myeusi, kwa hiyo subiri aoge. Jua likiwa mgongoni kwako, mpige picha kifuani na ubavuni.