Re: Louise Brooks aliponzwa na sauti yake?

Habari mkuu. Umeuliza kama mwigizaji Louise Brooks alipotea Hollywood kwa sababu ya sauti mbaya, enzi ya filamu bubu ilipoisha. Kaangalie kwanza The Canary Murder Case ya 1929: mdomo ni wake, sauti ni ya Margaret Livingston. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wakidhani sauti yake ilikuwa mbaya. Studio yake, Paramount, walimnyima nyongeza ya mshahara, akabwaga manyanga, akaenda Berlin kuigiza Lulu, mhusika mkuu wa filamu Pandora's Box, kwa mwongozaji G. W. Pabst. Paramount walipomwita arudi kurekodi sauti ya The Canary Murder Case, aligoma. Kiburi? Labda, ila sauti haikuwa na kosa. Baadaye aliuza dukani Saks, New York, kisha akahamia Rochester, akaandika makala kali sana kuhusu sinema.