Jibu: histeq inapausha nyuso kwenye video ya harusi

Ndugu, umesema video ya ukumbini ilikuwa na giza, ukaipitisha kwenye histeq, filta ya kusawazisha mwangaza ndani ya FFmpeg (programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi), kwa strength=1, yaani nguvu ya filta, nyuso zikapauka na ukuta ukawa unapepesa. Kamera yako haina kosa. Hiyo 1 ndiyo mwisho wa kipimo. Kinaanzia 0, na usipoandika chochote filta hutumia 0.2. Kadiri unavyoshusha namba, ndivyo picha inavyorudi karibu na ya asili.

Jaribu kwanza kipande cha sekunde 10, usisubiri video nzima:

ffmpeg -ss 60 -t 10 -i harusi.mp4 -vf histeq=strength=0.1 jaribio.mp4

Tazama shela ya bibi harusi. Mikunjo ya kitambaa ikiwa bado inaonekana, panda hadi 0.15. Ikiwa imegeuka weupe mtupu, punguza intensity, maana hiyo ndiyo dari ya mwangaza (kawaida ni 0.21). Ukuta ukitoa mistari mistari, ongeza antibanding=weak.

Kupepesa kuna sababu yake. histeq hupima kila fremu peke yake, kwa hiyo mtu akikatiza mbele ya kamera na kanzu nyeupe, picha nzima inahesabiwa upya. Kwa harusi mimi ningehamia kabisa filta nyingine ya FFmpeg, normalize; weka hii mahali pa -vf ya juu:

-vf normalize=smoothing=50:independence=0:strength=0.5

Hiyo smoothing inatumia fremu 50 zilizotangulia, mwanga unatulia. Na independence=0 inazifanya rangi zisogee pamoja, ngozi za watu zisibadilike. Tuwekee hapa picha moja ya kabla na moja ya baada, tuone.